Kabla ya Kuufunga Mdomo, Pua Ichunguzwe

Vifaa vya kuvaa mdomoni usiku vinatangazwa sana kama dawa ya kulala mdomo wazi, na kinachonisumbua ni kwamba matangazo mengi huusema mdomo bila kuigusa pua. Mara nyingi anayelala hivyo pua yake imeziba, na mwili umejitafutia njia nyingine ya hewa.

Madhara ya kulala mdomo wazi ni ya kweli. Pua huchuja vumbi, huipasha hewa joto na kuitia unyevu. Tena mwaka 1995 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa sinasi, yaani mianya iliyo ndani ya mifupa ya uso kandokando ya pua, huzalisha kwa wingi gesi ya naitriki oksaidi, ambayo ikivutwa pamoja na hewa husaidia kupanua mishipa ya damu mapafuni. Anayepumua kwa mdomo usiku kucha huyakosa hayo, na mate yanayoyalinda meno dhidi ya asidi za bakteria humkauka.

Hata hivyo, vifaa hivi havifanani. Kile kinachotengenezwa na daktari wa meno kwa kufuata umbo la meno ya mgonjwa, kikalivuta taya la chini mbele kwa milimita chache ili ulimi usiangukie kooni, nakiunga mkono kwa dhati, kwa sababu kimechunguzwa kwa miaka mingi, na mwaka 2015 wataalamu wa usingizi wa Marekani walikipendekeza kwa wagonjwa wa kukatika pumzi usingizini wasioweza kuvumilia mashine ya kusukuma hewa. Nacho kinaweza kuleta maumivu ya kiungo cha taya au kusogeza meno, hivyo mgonjwa hana budi kurudi kliniki kukaguliwa.

Kipande cha plastiki kinachokaa kati ya midomo na meno na kuziba hewa ni jambo jingine kabisa. Huenda kikamfaa mtu mzima ambaye pua yake imethibitika kuwa wazi na kilichobaki ni mazoea tu. Lakini katika pwani yetu, ambako unyevu hustawisha wadudu wadogo mno wa vumbi ndani ya magodoro na mito, wapo wanaoishi na mzio wa pua bila kuujua, wakitegemea matone ya kuzibua pua ambayo, yakitumiwa mfululizo kupita siku chache, huifanya izibe zaidi. Hao wanahitaji kutibiwa mzio kwanza.

Kwa watoto msimamo wangu ni mkali zaidi. Mtoto anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi huenda ana nyama za puani au tonsili zilizovimba, na anapaswa kupelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Kumziba mdomo kwa plastiki au plasta nakupinga bila masharti, kwa kuwa akikosa hewa anaweza kushindwa kujinasua, na akiwa mdogo hawezi hata kueleza asubuhi alivyolala.