Mlafi wa Sinia la Pili

Mjomba wangu ana kazi ya kudumu isiyolipwa mshahara, nayo ni kula. Katika walima mmoja mjini Tanga, sisi wanaume tuliketi mkekani, vijana wakapita na birika na beseni kutunawisha mikono, kisha pilau ikaletwa kwa masinia, kila sinia watu wanne, nyama zimelundikwa katikati na ndizi mbivu pembeni. Adabu inamtaka kila mtu ale upande wa mbele yake na asubiri nyama igawiwe na mkubwa wa sinia. Kwa bahati mbaya ya wenzetu wawili, mkubwa wa sinia letu alikuwa mjomba.

Tulipomaliza, nami nikiwa natafuta maji ya kunawa, mgawaji mmoja alipaza sauti kwamba kuna sinia limepungukiwa na watu wawili. Mjomba alinishika mkono hapo hapo, akaninong'oneza, "Mpwa wangu, kuliacha sinia pungufu ni kumvunjia heshima mwenye shughuli." Tukahamia upande wa pili wa turubai, tukanawishwa upya, naye akapiga bismillahi ya mtu aliyeshinda na njaa tangu jana.

Tonge la kwanza halijafika kinywani, mzee mmoja akanitazama kifuani. Kanzu yangu ilikuwa na doa la achari ya embe, pana kama kiganja, na mbegu ya pilipili imenata juu yake. Ya mjomba, ambaye alikuwa amekula maradufu yangu, ilikuwa nyeupe pee.

"Kijana huyu ametoka sinia jingine," alisema mzee. "Ni mroho."

Jirani yake alimsahihisha kwa utulivu wa ustadhi wa chuoni: mroho ni yule ambaye macho yake hayabanduki kwenye tonge la mwenzake, hata kama yeye mwenyewe hali sana, ilhali anayemaliza sinia moja akaingia la pili huitwa mlafi, na ushahidi ulikuwa kifuani pangu. Nilimgeukia mjomba anitetee. Aliuweka chini mfupa aliokuwa akiufyonza, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Tumemkanya sana nyumbani," alisema.

Siku hizi, kwenye shughuli za ukoo, kina shangazi hunipakulia sahani yangu peke yangu, iliyojaa hadi ukingoni, na mjomba huketi ubavuni pangu ili, kama asemavyo, anisaidie nisizidishe.