Wenzetu hata aliyekufa mazoezini ana jina

Jumapili nilipanda James's Thorn, kilima kiko juu ya mji wa Glossop hapa Uingereza, na jamaa wa kazini. Huku watu wanapenda kutembea milimani hata mvua inyeshe. Kule juu kuna mabaki ya ndege ya vita, vipande vya bodi vimezama kwenye tope jeusi, na jiwe lenye majina ya watu sita, na chini yake mtu kaweka misalaba midogo ya mbao yenye ua jekundu la karatasi, mipya kabisa. Tangu siku hiyo nina hasira, na sio na wazungu, na sisi wenyewe, kwa hiyo leo mnivumilie.

Ndege ilikuwa Lancaster KB993, ya mabomu, skwadroni (kikosi cha anga) ya 408 ya Kanada. Ilianguka tarehe 18 Mei 1945. Ujerumani ilikuwa imeshasalimu amri tarehe 8, yaani vita ya Ulaya imeisha, vijana wanasubiri kurudi kwao, wanaruka mazoezi tu, wakagonga kilima. Hakuna ushujaa hapo, ni ajali. Na bado kuanzia rubani Clifford mpaka sajenti Hellerson kila mmoja ana jina pale juu, ana kaburi lake kwenye makaburi ya Brookwood huku huku Uingereza, na Kanada wamefungua mafaili ya wanajeshi wao waliokufa vita ile, ukitaka unasoma.

Kamandi ya mabomu ya Waingereza, yaani jeshi lao la ndege za mabomu, vita ile ya pili ya dunia ilipoteza watu 55,573 kati ya kama 125,000 walioruka. Angalieni hiyo tatu ya mwisho. Hawakusema "zaidi ya elfu hamsini" wakaenda kulala, walihesabu mpaka mtu wa mwisho, na kama 8,000 kati yao walikufa kwenye mazoezi na ajali za kawaida, hao nao wamo.

Sasa njooni kwetu. Meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996, wakati wa amani, ziwa letu wenyewe la Victoria, na mpaka leo kila mtu ana idadi yake. Daraja la tatu halikuwa hata na orodha ya abiria! Wa juu waliandikwa, aliyepanda na mkungu wake wa ndizi hakuandikwa.

Najua mtakachosema. Kwanza mtasema nimekaa Ulaya nimeanza kudharau kwetu. Sidharau, ninge­dharau nisingeumia hivi. Kila tarehe 25 Julai nikiona Rais anaweka mkuki na ngao kwa ajili ya mashujaa wetu nasisimka, najivunia nchi yangu kuliko mnavyofikiria, ila ile ni siku moja na ni ya wanajeshi.

Pili mtasema hao vijana ndio walioichoma miji ya Ujerumani, Hamburg na Dresden, unawasifia wa nini? Siwasifii. Hata Waingereza wenyewe walibishana miaka na miaka, mnara wao pale London umezinduliwa 2012 tu. Ninachosema ni kwamba mabishano yote hayo hayakufuta jina la mtu kwenye kaburi.

Na tatu, hii ndio nzito na mko sahihi: hao hao ndio waliowanyima babu zetu majina. Tume yao ya makaburi ya vita ilikiri yenyewe 2021 kwamba waliokufa Vita Kuu ya kwanza bila kuandikwa majina, au bila kukumbukwa kabisa, ni 116,000 na wanaweza kufika 350,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi wetu hao, walioacha jina la Kariakoo na hawakuachiwa la kwao. Nendeni pale Posta kwenye sanamu ya Askari, maandishi yanawataja kama mikono na miguu ya jeshi, jina hata moja hakuna. Waliomba radhi baada ya miaka mia. Inaniuma sana, lakini tangu 1961 kalamu tunashika wenyewe, ya MV Bukoba tumsingizie nani?

Halafu kuna wa mwisho, ambaye hakosekani, atasema tuna shida kubwa kuliko majina, barabara, dawa, ajira. Basi akamwambie mama yangu mkubwa. Mwanae alikufa kwenye ajali ya basi, gazeti likaandika idadi tu, na hospitali karatasi iliyobandikwa ukutani ilisema "ME, miaka 30 hivi" wakati kitambulisho kilikuwa mfukoni mwake, kina jina kamili na picha, hakuna aliyejisumbua kukitoa. Mama wa watu aliingizwa mochwari akaanza kufunua shuka moja moja, watoto wa wenzake, mpaka akamfikia wa kwake.