Kizazi kimetolewa, ovari zimeachwa, sasa hili joto la ghafla linatoka wapi?

Mwanamke katolewa kizazi, ovari (viungo vinavyotoa mayai) zikaachwa, baada ya muda anaanza kuamka usiku shuka limelowa jasho, moyo unamwenda mbio, ukeni kukavu mpaka tendo linauma. Akirudi kwa dokta anaambiwa hiyo haiwezi kuwa menopozi, yaani kukoma hedhi, ovari zako tumeziacha, punguza mawazo.

Dokta hajatunga. Estrojeni, homoni ya kike, kwa sehemu kubwa inatengenezwa na ovari, sio kizazi, na ni zikitolewa zote mbili ndo mwili unaingia menopozi ghafla bila ile miaka ya kupungua taratibu ambayo wengine wanaipata mpaka kwenye miaka 51 hivi. Kuziacha kwa mwanamke ambaye bado umri na hana hatari kubwa ya saratani ya ovari ni uamuzi mzuri, unasaidia mifupa na moyo. Na jasho la usiku linaweza kuletwa na thairoidi (tezi ya shingoni) ikiwa na shida, maambukizi, hata baadhi ya dawa za sonona, kwa hiyo kubebesha opereshini kila kitu nako kunaweza kuficha ugonjwa mwingine.

Ila kuachwa sio lazima ziendelee kufanya kazi kama zamani, na hapa ndo wanawake wengi wanaonewa. Ovari inapata damu kwa njia mbili, mshipa wake wenyewe na matawi yanayotoka kwenye mshipa wa kizazi, sasa kizazi kikiondoka hayo matawi yanakatwa.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake wa miaka 30 hadi 47, zaidi ya 400 waliotolewa kizazi na zaidi ya 400 ambao hawakutolewa. Baada ya miaka 4 ovari zilikuwa zimefeli kwa asilimia 14.8 ya waliofanyiwa opereshini, wenzao asilimia 8. Utaambiwa basi asilimia 85 wako salama, na ni kweli, wengi hawapati shida hiyo. Lakini tazama umri wao, walipoanza kufuatiliwa hakuna aliyekuwa amefika umri wa kawaida wa menopozi, na kwa kila wanawake 100 kuna kama 7 wa ziada ambao zimefeli mapema. Walioachiwa ovari moja tu hatari yao ilikuwa kubwa zaidi. Hawa 7 ndo wanaoambiwa wapunguze mawazo!

Wapo wanaosema labda tatizo lililompeleka kwenye opereshini ndo lilikuwa tayari linachosha ovari, sio kisu. Inawezekana, na huo utafiti haukulimaliza hilo swali. Ila kwa mama anayebadilisha shuka saa nane usiku haipunguzi kitu, iwe kisu iwe ugonjwa bado anatakiwa asikilizwe na apimwe.

Na kumtambua ni kazi kwa sababu hedhi haipo tena, ile alama ambayo wanawake wengine wanaitegemea kwake imeondoka na kizazi, hivyo zinabaki dalili, umri na kipimo cha damu cha FSH, homoni ambayo hupanda ovari zikichoka, ambacho kikipimwa mara moja kinaweza kudanganya maana homoni zinapanda na kushuka, inafaa kirudiwe. Ikithibitika na hajafika miaka 45, kukaa kimya ni hatari kwa mifupa na moyo, na kama hana sababu ya kiafya ya kuzikwepa homoni huwa anashauriwa atumie homoni angalau mpaka umri wa kawaida wa menopozi. Kwa asiye na kizazi mara nyingi ni estrojeni peke yake, kwa sababu projesteroni, homoni nyingine ya kike, huongezwa kulinda ukuta wa kizazi ambacho yeye hana. Mwenye historia ya endometriosisi (tishu kama za ukuta wa kizazi kuota nje ya kizazi) anaangaliwa kivyake.

Kwangu mimi haya yangesemwa kabla ya kusaini fomu ya opereshini, kwamba ovari tunaziacha lakini zinaweza kuchoka mapema, ukianza kuona joto na jasho njoo tupime.