Taarifa 6,732 za kutiliwa dawa, kesi chache mahakamani

Kati ya Mei 2022 na Aprili 2023, polisi wa England na Wales walipokea taarifa 6,732 za watu waliosema wametiliwa dawa bila kujua, wengi wao kwenye kinywaji. Katika taarifa 957, mlalamikaji alisema amechomwa sindano. Asilimia 74 ya waathirika walikuwa wanawake, na wastani wa umri wao ni miaka 26. Waliofikishwa mahakamani ni wachache mno, na hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Watetezi wa waathirika wanailaumu sheria, na wana hoja. Sheria inayotegemewa ni ya 1861, ya enzi za Malkia Victoria, inayozungumzia kumpa mtu sumu au kitu chenye madhara: miaka 10 jela ikiwa maisha yamehatarishwa, miaka 5 kama nia ilikuwa kumdhuru au kumuudhi tu. Ya pili ni ya 2003, inayomhusu anayemlewesha mtu ili amfanyie tendo la ngono. Tukio la aina moja basi linaandikishwa chini ya vifungu tofauti. Na msichana aliyetiliwa dawa kisha akabakwa, jalada lake hufunguliwa kama la ubakaji. Ile dawa inaweza isionekane kabisa kwenye hesabu za utiaji sumu.

Wapelelezi nao wanasema taarifa siyo ushahidi. Hawakosei, ingawa kauli hiyo imetumiwa mara nyingi kuwafukuza watu kaunta. Chukua mwanafunzi aliyezimika klabu saa sita usiku. Anaamka kesho yake mchana kichwa kinamgonga, hakumbuki alirudije. Anasita, anapiga simu kwa rafiki, anafika kituoni jioni. Kama alipewa GHB, dawa ya kulevya inayoweza kumpoteza mtu fahamu, mkojo wake huenda hauna tena cha kuonyesha, kwa sababu dawa hiyo hutoka mwilini ndani ya saa 12 hivi. Kama aliongezewa pombe kali kwenye glasi yake, maabara haiwezi kuitenganisha na ile aliyokunywa kwa hiari. Hata kipimo kikikubali, bado mkono uliotia haujulikani.

Serikali ya Uingereza iliwahi kushikilia kwamba sheria zilizopo zinatosha. Baadaye ikabadilika, na muswada uliowasilishwa bungeni Februari 2025 ukaja na kosa mahususi lenye adhabu ya hadi miaka 10. Naliunga mkono, kwa sababu litarahisisha kuhesabu. Lakini anayetarajia hukumu ziongezeke kwa sababu hiyo pekee atasubiri sana: mkojo uliochelewa hausomeki vizuri zaidi chini ya sheria mpya.

Nairobi, ambako watu husema fulani "amewekewa mchele", yaani ametiliwa dawa kwenye kinywaji, tatizo linaanza mapema zaidi. Waathirika wengi ni wanaume walioamka simu na pesa zimekwenda, na mwenye familia haoni atakavyoeleza kituoni alikuwa baa gani na nani. Huko uchache wa taarifa usisomwe kama dalili ya usalama.

Ningependa takwimu hizi, London na Nairobi, zionyeshe jambo moja zaidi: saa ngapi zilipita kati ya tukio na kuchukuliwa kwa sampuli ya kwanza. Tungejua kesi ngapi zilikufa kabla mpelelezi hajashika kalamu, na ngapi zilikuwa na kipimo kizuri lakini bado zikaachwa.