Athens na Venezia: nani alijua zaidi kumfunga mtawala mikono?

Anayetaka kuiponda demokrasia ya Athens, mji wa Ugiriki ya kale, hapati shida. Mwaka 406 KK, muda mfupi baada ya ushindi wa majini wa Arginusae, mkutano wa raia uliwahukumu kifo majemadari wanane kwa mkupuo mmoja, kosa lao likiwa kutowaokoa mabaharia walioachwa baharini dhoruba ilipochachamaa. Sita waliokuwa wamerudi mjini wakauawa. Miaka saba baadaye ikafuata hukumu ya kifo ya mwanafalsafa Socrates. Kisha unaonyeshwa Venezia ya Italia, jamhuri ya wafanyabiashara iliyoendeshwa na koo chache, ikadumu takriban miaka elfu. Demokrasia ya Athens haikufikisha hata 200. Hoja hiyo ina uzito, na sisi tunaotetea utawala wa raia hatuna ruhusa ya kuipuuza.

Ustadi wa Venezia ulikuwa wa kweli. Kuanzia mwaka 1268, doge, yaani mkuu wa dola, alipatikana kwa njia ndefu ajabu. Watu 30 walitolewa kwa bahati nasibu katika Baraza Kuu, yaani bunge la Venezia, wakachujwa kwa bahati nasibu tena hadi 9. Hao wakateua 40, wakachujwa hadi 12. Hao 12 wakateua 25, wakachujwa hadi 9, nao wakateua 45, wakachujwa hadi 11. Hao 11 ndio walioteua 41 wa mwisho, na mshindi alihitaji kura 25 zao. Vipira vya bahati nasibu vilichomolewa na mtoto wa kiume aliyechukuliwa mtaani. Tajiri mwenye fedha za kuhonga hakujua ampe nani, maana hakuna aliyejua nani angekuwa na usemi raundi ijayo. Na doge akishaapa, hakuruhusiwa hata kufungua peke yake barua za serikali za nje. Marino Faliero alipokula njama ya kujitwalia madaraka yote mwaka 1355, alikatwa kichwa akiwa doge.

Athens nayo iliitegemea bahati nasibu, ila kwa kusudi jingine. Baraza la watu 500, lililoandaa shughuli za mkutano mkuu, lilijazwa kwa bahati nasibu, 50 kutoka kila moja ya makundi kumi ya raia yaliyoitwa makabila, kwa mwaka mmoja tu, na hakuna aliyeingia zaidi ya mara mbili maishani. Venezia ilitumia bahati kuwavuruga wapanga njama. Athens ilitumia bahati kumtoa mkulima shambani na kumkalisha mezani penye hesabu za hazina na mabalozi wa nchi nyingine. Kwangu mimi hapo ndipo Athens inapoizidi Venezia. Mtu akishaiona serikali kwa ndani, si rahisi kumdanganya.

Mlango wa Athens haukuwa wazi kwa wote. Wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na sauti, na kwa pamoja waliwazidi raia kwa idadi. Hilo halina utetezi. Lakini Venezia ilibana zaidi: kuanzia 1297 ujumbe wa Baraza Kuu uligeuka, hatua kwa hatua, kuwa urithi wa familia.

Tuje kwenye makosa, kwa kuwa ndiyo silaha kubwa ya wapinzani wa Athens. Mwaka 427 KK mkutano uliamua wanaume wote wa Mytilene, mji ulioasi, wauawe, na meli ikaondoka na amri hiyo. Kesho yake raia walikutana tena, wakabishana, wakabadili uamuzi kwa kura chache, na meli ya pili ikapiga makasia usiku na mchana hadi ikawahi. Walioonekana vinara wa uasi waliuawa hata hivyo, lakini mji ulinusurika. Venezia ilikuwa na Baraza la Watu Kumi, lililohukumu kwa siri. Mwaka 1622 lilimuua Antonio Foscarini, aliyewahi kuwa balozi, kwa tuhuma za kuuza siri za dola, na mwaka uliofuata likatangaza hadharani kwamba hakuwa na hatia. Kukiri huko kunastahili heshima. Ila faraghani hapakuwa na wa kusimama na kusema subirini hadi kesho.

Kuhusu kudumu, tazama jinsi kila mfumo ulivyotetewa. Mwaka 404 KK Athens ilishindwa vita na ikatwishwa utawala wa Watu Thelathini waliochinja raia. Mwaka uliofuata wanademokrasia, wakiongozwa na Thrasybulus, walipigana, wakairudisha demokrasia, kisha wakatoa msamaha kwa walio wengi. Tarehe 12 Mei 1797, Napoleon akitishia, Baraza Kuu la Venezia lilikutana bila hata akidi na kupiga kura ya kujifuta. Nje, watu wa kawaida walimiminika mitaani wakipiga kelele za kuisifu jamhuri yao. Waliipenda, hilo ni jambo la kuihesabia Venezia. Lakini kwa karne tano hawakuwa wamepewa nafasi ya kuiamulia chochote, na siku hiyo pia hawakuulizwa.