Vavu Zangu, Vifaa vya Mtaa Mzima

Jamani, gari kutoa moshi si aibu. Aibu ni kulitoa gari hilo asubuhi mbele ya baraza, hapa kwetu Jang'ombe, Unguja mjini, wazee wameshakaa na vikombe vyao vya kahawa, na wewe unawafukiza. Hapo hapo utatajiwa maradhi bila kuuliza. "Ringi hizo, yakhe." "Wapi ringi, injini hiyo imekwisha." "Uza." Na huyo anayesema uza ndiye yule yule anayeomba lifti ya Darajani kila akiniona nimeshika funguo.

Nikawaambia, moshi wa buluu ukitoka wakati wa kuwasha tu, halafu ukakatika, ringi, yaani zile pete za pistoni, mnazisingizia. Hizo sili za vavu, yaani raba zinazozuia oili kwenye vile vimilango vya injini vya kuingizia hewa na kutolea moshi. Raba imekauka, oili inateremka usiku kucha kwenye fimbo ya vavu mpaka ndani ya silinda, asubuhi ukitia moto inaungua. Na ile tak-tak-tak ya juu ni tapeti, vile vikombe vya chuma vinavyosukuma vavu, nafasi imezidi. Toyota yangu ina injini ya 5A-FE, ujazo wa cc 1500, vavu 16. Maradhi yanajulikana na dawa inajulikana. Fundi akanitajia bei yake, mie nikamshukuru, nikarudi nyumbani kushusha hedi, kile kichwa cha injini chenye vavu, mwenyewe.

Sasa ndipo nilipojua Wajapani hawana huruma. Kwenye injini hii, kila kazi ina kifaa chake, na kila kifaa kimezaliwa kufanya jambo moja tu hapa duniani. Ukishalifanya, kinakaa kabatini kinakutazama, na wewe unakitazama, mnakumbushana bei. Kupima nafasi ya tapeti, sharti fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi, maana vavu za kuingizia zinataka baina ya milimita 0.15 na 0.25 injini ikiwa baridi, na za kutolea moshi zinataka zaidi kidogo. Umeona nafasi si sawa? Hapana bisibisi ya kukazia wala kulegezea. Juu ya tapeti pana kisahani kidogo cha chuma wanachokiita shimu, unakitoa unatia chengine kinene zaidi au chembamba zaidi. Kukitoa, kuna koleo la kukandamizia tapeti, na kipande cha pili cha kuishikilia isirudi juu. Kukipima, kuna maikromita, kwa sababu shimu na shimu zinapishana kwa milimita 0.05. Milimita sifuri nukta sifuri tano! Mie duka la jirani likinipunja robo kilo ya sukari sioni, leo nikatafute nukta sifuri tano?

Na kemshafti zenyewe, vile vyuma virefu vinavyozunguka na kukandamiza tapeti, ziko mbili. Moja inavutwa na mkanda, ya pili inazungushwa na meno ya mwenziwe. Gia moja katika hizo imegawika tabaka mbili, baina yake mna springi. Kabla hujaitoa uifunge kwa bolti, la sivyo tabaka zinapishana na kuzirudisha ni mtihani. Bolti hiyo haina kazi nyengine yoyote. Ukimaliza unaitoa, unaiweka mahala pazuri ili uisahau.

Lakini iliyonitoa jasho ni kibanio cha springi za vavu. Nimekiagizia kwa simu, kimekuja ndani ya kisanduku kizuri, juu pana picha ya bwana wa Kichina anacheka. Angekuja hapa uani nisingemwona akicheka. Springi za injini hii zimezama ndani ya tundu la tapeti, na mguu wa kibanio ulikuwa mpana, unakaa juu ya mdomo wa tundu, haushuki. Nikakipeleka Mlandege kwa muuza spea anitazamie chengine. Akakigeuzageuza, akasoma kisanduku, akaniambia, "Mbona hichi cha injini zote." Ndiyo bwana, zote isipokuwa niliyonayo.

Ikabidi niende kwa fundi wa mageti. Nikamwambia, nikatie kipande cha bomba chembamba kuliko tundu la tapeti, ubavuni ukitoboe dirisha, ili springi ikishabanwa nipitishe sumaku nichukue koleti. Alielewa upesi kuliko nilivyotaraji. Tatizo la fundi yule ni kwamba hajui kutoa kitu dukani bila nakshi. Nilipokwenda kukichukua nimekuta dirisha lipo, bomba limeungwa vizuri kwenye kibanio, na juu kabisa, pa kushikia, ameweka ua la nondo. Nikamuuliza la nini. "Ah, ami, kitupu kilikuwa hakipendezi." Basi mie ndiye mwenye kibanio cha springi za vavu chenye ua, na kinabana barabara.

Koleti, kwa asiyezijua, ni vipande viwili vya chuma, hata ukucha wa kidole cha mwisho havijai, vinavyobana fimbo ya vavu isichomoke. Vavu 16, koleti 32. Unatia kibanio, unagonga kidogo kwa nyundo ya mpira ili zibanduke, unakaza, kisahani cha springi kinashuka, na hapo unaziona zimeachwa juu, zimegandia fimbo kwa oili. Pumzi unaizuia. Unaingiza sumaku dirishani, moja inakuja, unaitia kwenye kopo. Ya pili inakuja nusu njia, inabadili nia, inaruka. Mama watoto alikuwa hapo pembeni anachagua mchele kwenye ungo. Nimepekua uwanja mzima, nimeinua mpaka kuku. Yeye kimya, anachagua tu. Baadaye ndiyo naambiwa, "Baba watoto, mchele wa siku hizi unatiwa na chuma? Nimekitupa."

Kaunyoosha mkono kunionesha kilipotupwa. Jalalani. Sina la kusema.

Kusaga vavu, ili zizibe barabara, ni kazi ya starehe, sikatai. Unapaka dawa ya mchanga kwenye ukingo, ya mkwaruzo kwanza halafu laini, unabandika kijiti chenye raba ya kunyonya kwenye uso wa vavu, unakipekecha baina ya viganja, huku na huku, unainua, unageuza, unapekecha tena, mpaka utokee mviringo wa kijivu usiokatika. Sauti yake, chwa-chwa-chwa, inapumbaza. Wabaya ni watoto. Waliporudi chuoni na kuona raba inagandia, basi. Kijiti kimoja nilikikuta kwenye kioo cha kabati, cha pili kwenye paji la uso la mdogo wao, ana duara jekundu anacheka.

Nilipomaliza nikaupindua ule uso wa hedi juu, nikatia mafuta ya taa kwenye vyumba vyote vinne vya kuunguzia petroli, nikangoja nione kama vavu zinaziba. Halikuvuja tone. Nikapita kuwaita watu waje waone. Hakuna aliyekuja. Ingevuja hata kijiko kimoja, baraza lote lingehamia uani kwangu na dhumna zao.

Alikuja mmoja tu, mzee mwenye Vespa. Kasimama mlangoni na fimbo yake, kaitazama hedi, katazama kopo la koleti, katazama kibanio chenye ua, akasema, "Vespa yangu haina vavu hata moja." Akaondoka. Na kinachoniudhi ni kwamba kasema kweli! Vespa zile za zamani za mipigo miwili hazina vavu za namna hii wala tapeti. Pistoni yenyewe ikipanda na kushuka inafungua na kuziba matundu, na oili inachanganywa na petroli humo humo. Lakini nauliza, moshi wake je? Akiiwasha Vespa yake alfajiri, muadhini anakohoa, na hapana mtu hata mmoja aliyewahi kumwambia auze.

Sili mpya zikatiwa, na koleti ya badala, gari likarudishwa, bolti za hedi zikakazwa kwa hatua kuanzia katikati kwenda nje, shimu zikawekwa, likawaka. Asubuhi nimelitoa pole pole mbele ya baraza. Moshi hakuna. Tak-tak hakuna. Wakatazamana. Mmoja akanywa kahawa yake akasema, "Halitoi moshi tena? Basi oili imekwisha."

Na hayo ningeyasamehe. Nisichokisamehe ni kwamba tangu siku hiyo nimekuwa bohari la mtaa. Kijana wa bodaboda kaja kuazima fila geji, pikipiki yake inataka milimita 0.08. Kairudisha jani moja limepinda, na mengine kayashika kwa jasho akayafunga hivyo hivyo. Kwa hewa yetu hii ya bahari, chuma usipokipaka oili kinaota kutu ukikitazama, na jani lenye kutu linapima uongo. Sumaku iko kwa fundi cherehani, anaokotea pini. Kibanio kimechukuliwa na seremala, anabania miguu ya meza iliyotiwa gundi, na kanitumia salamu kwamba lile ua linasaidia sana kushikia. Spana ya kipimo, ile ya kukazia hedi, kaondoka nayo mvuvi kwenda kufungulia nati ya mashine iliyoshika kutu. Kufungulia! Nimemwambia, bwana wee, hii ni ya kukazia kwa kipimo, ukivunjia nati unaiharibu. Akanambia nisiwe na wasiwasi, ana nguvu.

Kumnyima jirani kifaa nako kuna adhabu yake. Utaitwa bakhili mpaka kwenye maziko ya watu usiowajua. Na nikidai changu naambiwa, "Si ulishamaliza kutengeneza?"

Hodi ya nani tena hiyo? Karibu, karibu. Koleo la tapeti? La nini, ami, wewe gari huna. Kungolea misumari ya bati? Halipo. Lipo kwa seremala pamoja na kibanio. Nenda kamuulize, na ukipita kwa fundi cherehani mwambie sumaku yangu naitaka leo, kuna koleti moja iko jalalani.