Usinunue Vipimo vya Damu kwa Pakiti

Nafanya kazi maabara hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na ugali wangu unatokana na damu za watu. Wenzangu watanishangaa basi nikisema kwamba zile pakiti za "kupima mwili mzima" zinazotangazwa na kliniki za mjini kila mwisho wa mwezi, mtu asiyeumwa hana haja nazo. Damu ipimwe kukiwa na swali. Bila swali unapewa karatasi yenye namba zilizochapwa vizuri, na mtu ambaye hadi asubuhi ile alikuwa mzima anarudi nyumbani na herufi H mbili tatu (alama ya jibu lililo juu ya kawaida) za kumnyima usingizi.

Hesabu yake si ngumu. Kile kiwango cha kawaida kinachoandikwa pembeni ya jibu hupatikana kwa kupima watu wenye afya, kisha inachukuliwa asilimia 95 ya katikati. Kwa hiyo katika kila watu 100 wazima kabisa, 5 huangukia nje ya kiwango, na hapo tumepima kitu kimoja tu. Ukipimwa vitu 20 kwa mpigo, tukichukulia kwamba kila kipimo kinajitegemea, watu wenye afya kama 64 kati ya 100 watatoka na angalau jibu moja lenye alama. Pakiti ikinenepa, alama nazo zinaongezeka. Biashara iko hapo hapo: alama moja huzaa kipimo kingine, na kipimo kingine huzaa chupa ya dawa ya "kusafisha ini".

Na viwango vyenyewe ni vya nani? Maabara nyingi hutumia vile vilivyokuja na mashine, na vingi vimetokana na watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliopima watu wazima wenye afya wa Afrika Mashariki na ya kusini, wakiwemo wa Entebbe na Masaka. Kikomo cha juu cha bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini huisafisha kwenye damu, kwa watu hao kilikuwa juu kuliko kile cha Wamarekani. Mtu wa Masaka asiye na tatizo lolote anaweza kuambiwa ini lake lina kasoro kwa sababu tu amelinganishwa na watu wasiofanana naye.

Hata hivyo viwango haviniudhi kama safari ya chupa. Wagonjwa hudhani jibu linatengenezwa na mashine. Mashine inapima kile ilichopewa, na hiki kinategemea yaliyoipata damu tangu ilipotoka mkononi.

Chukua potasiamu, madini ya damu ambayo moyo huyategemea kupiga sawasawa. Sehemu kubwa ya potasiamu imo ndani ya chembe za damu, na kwenye maji yanayozizunguka iko kidogo sana. Chembe zikipasuka kwa sababu sindano ilikuwa nyembamba au mtu amevuta kwa nguvu, au damu ikikaa saa nyingi bila kutenganishwa, potasiamu huvuja na kupanda bila mgonjwa kuwa na habari. Kuna mama muuza samaki wakavu alinijia na karatasi yake mkononi. Potasiamu 6.8, wakati kiwango kilichoandikwa ni 3.5 hadi 5.1.

"Mwanangu, wameniambia moyo utasimama."

"Damu walikutoa saa ngapi, mama?"

"Asubuhi, kabla sijafungua meza. Walikuwa wanangoja boda aje kuichukua."

Kliniki ile haikuwa na mashine. Chupa ilikaa mezani, ikapanda boda, ikafika mjini alasiri. Nikamwambia tutoe nyingine papo hapo. Nilifunga mpira mkononi bila kuubana sana, sikumwambia akunje na kukunjua ngumi (hilo nalo hupandisha potasiamu, na karibu kila mtu hulifanya), nikavuta taratibu. Damu ilipoganda nikaizungusha kwenye mashine ya kutenganisha, na maji yakatoka ya manjano safi. Yangekuwa mekundu ningejua chembe zimepasuka tena. Jibu likawa 4.3.

Simaanishi kwamba potasiamu ya juu ipuuzwe. Ikiwa juu ya 6 ni dharura mpaka ithibitishwe kuwa si kweli: damu irudiwe mara moja na, pakiwa na mashine ya kuchora mapigo ya moyo, mgonjwa achorwe huku mnasubiri. Ninacholalamikia ni kumpa mtu namba kama ile, kumtisha, kisha kumwacha aende sokoni.

Kuchelewa huko huko kunafanya kinyume kwenye sukari. Chembe ndani ya chupa bado ziko hai na zinakula. Damu ikikaa kwenye joto la kawaida bila kutenganishwa, sukari hushuka kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mtu aliyefunga usiku kucha akiwa na sukari ya kweli ya 7.4, ambayo tayari imevuka mpaka wa kisukari wa 7.0, baada ya saa nne anaweza kusomeka karibu 5.8. Anaambiwa yuko sawa, anarudi kwenye soda zake. Chupa yenye kifuniko cha kijivu ipo kwa ajili hiyo, ina dawa ya kuzuia chembe zisile sukari, ingawa hata hiyo inachukua muda kufanya kazi. Ukipimwa sukari kwa damu ya mshipa, tazama rangi ya kifuniko. Ikiwa nyekundu, na mashine iko mbali, una haki ya kuuliza.

Kuhusu figo, nimeona mzee akitetemeka kwa sababu mwaka jana kreatinini yake, ile taka ya damu ambayo figo huichuja, ilikuwa 1.1 na safari hii ni 97. Ni kitu kile kile. Karatasi moja ilitumia miligramu kwa desilita, nyingine maikromoli kwa lita; zidisha ya kwanza kwa 88.4 utaifikia ya pili. Sukari ina mambo hayo hayo, 7.0 ya hapa ni 126 ya kwingine, unazidisha kwa 18. Sisi wa mpakani, tunaotibiwa leo Arua na kesho Ariwara kule Kongo, tusome kipimio kabla ya namba.

Kreatinini hutokana na misuli, kwa hiyo mbeba mizigo mwenye kifua kipana atakuwa na nyingi kuliko bibi yake mwembamba, na figo za bibi ndizo huenda zina shida. Muchomo, nyama choma ya jana usiku, pia huipandisha kidogo. Halafu kuna jambo ambalo wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI wangeelezwa mapema: dolutegravir, iliyomo kwenye kile kidonge kimoja cha siku cha watu wengi hapa Uganda, hupandisha kreatinini kidogo katika wiki za mwanzo kwa kuzuia isitoke kwenye figo, bila kuzidhuru. Tenofovir iliyomo kwenye kidonge hicho hicho, hiyo kweli inaweza kuzidhuru figo za baadhi ya watu. Kwa hiyo namba moja haimalizi kesi. Unahitaji ile ya kabla ya kuanza dawa, na kipimo cha protini kwenye mkojo. Figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla kreatinini haijavuka mstari.

Vipimo vya ini sitavisemea mengi. ALT na AST, vimeng'enya vinavyovuja kutoka kwenye seli za ini, zinaonyesha kama seli zinaumia leo, na AST hutoka hata kwenye misuli, kwa hiyo usishangae ikipanda baada ya siku ya jembe. Majibu mazuri hayamwondolei mtu homa ya ini ya B. Virusi vinaweza kukaa miaka huku ALT ikiwa kawaida, na kipimo chake ni kingine. Chanjo ya homa hiyo ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002, hivyo waliozaliwa kabla wapime. Na ndugu zangu wa Pakwach na Panyimur, kichocho kinaweza kukaza mishipa ya ini na kuvimbisha bandama huku vipimo hivi vikiwa safi kabisa. Hapo unahitaji picha ya ultrasaundi.

Wale wanaokushikisha kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, kisha wakakuchapia kurasa za hali ya ini, figo na "sumu mwilini", hawajapima damu yoyote. Okoa shilingi zako.

Mtu mwenye presha, kisukari au virusi, au mwenye umri uliopita 40, ningemwambia: presha ipimwe, sukari ya kufunga, mkojo kwa protini, kreatinini mara moja kwa mwaka ukiwa na mojawapo ya magonjwa hayo. Majibu uyabandike kwenye lile daftari la shule unalokwenda nalo hospitali ya serikali, kwa tarehe, pamoja na jina la maabara. Daktari akiona kreatinini za 85, 88, 90 za miaka mitatu, 97 haimshtui. Akiona 60, 75, 97, atakaa vizuri kwenye kiti, hata kama zote ziko ndani ya kiwango.

Na nyie wenzangu wa kliniki ndogo, fomu ya maabara ina nafasi ya kuandika saa damu ilipotolewa. Karibu kila siku nafasi hiyo inanijia tupu. Siku hizi chupa ya sukari au potasiamu isiyo na saa naipigia simu kabla sijaigusa, na asiyekumbuka alivuta lini namwomba avute nyingine. Wameshaniita mkorofi, na boda wao ananinunia.